Kadi Kuukuu za Besiboli: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Zilizochakaa Bila Kupigwa

Agosti 2022, kadi moja ya besiboli, yaani kipande kidogo cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, huyu akiwa nyota Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Ilikuwa safi kupita kiasi: kona kali, rangi imekolea, kingo hazina mkwaruzo. Habari za namna hiyo zinawafanya watu wengi waione hobi hii kuwa ya matajiri, wakaachana nayo kabla hawajaanza. Kumbe katika seti hiyohiyo ya 1952, yaani mfululizo wote wa kadi uliotolewa pamoja, wamo wachezaji kibao ambao kadi zao, zikiwa na kona za mviringo na mkunjo mmoja au miwili, unazipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Hizo ndizo ninazozizungumzia hapa. Kadi halisi, za kabla ya miaka ya 1970, zilizopita mikononi mwa watoto waliozinunua kwa senti zao. Zilichomekwa kwenye spoksi za baiskeli ili zilie, zikabandikwa kwenye madaftari kwa gundi, zikafungwa mafungu kwa mipira ya raba, zikakaliwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Na niseme mapema: anayekusanya kadi zilizochakaa hakimbilii tu bei ndogo. Anachagua ni uchakavu upi ataupokea na upi ataukataa. Hapo ndipo ulipo ufundi wote, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu kutazama.

## Hatua ya 1: Zijue zama

Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco iliweka kadi ndogo ndani ya pakiti za tumbaku na sigara zake: Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear, Sovereign na nyinginezo. Wakusanyaji wanaziita T206. Seti inahesabiwa kuwa na kadi 524, kila moja ikiwa na takriban milimita 37 kwa 67. Uso ni mchoro wa rangi uliochapwa kwa litografia, mgongoni ni tangazo la sigara. Ndimo ilimo kadi ya Honus Wagner inayouzwa kwa mamilioni, lakini usiisumbukie. Mchezaji wa kawaida wa T206, kadi yake ikiwa na mikunjo na kona zilizolika, mara nyingi unampata chini ya dola 50. Fikiria: kitu kilichochapwa miaka zaidi ya 110 iliyopita, nawe unakishika mkononi.

Jina T206 linatokana na orodha ya Jefferson Burdick, mkusanyaji wa Syracuse, New York, aliyezipanga kadi za Marekani kwa herufi na namba: T ni tumbaku, E ni peremende za mwanzo wa karne, R ni za bigijii za miaka ya 1930, na kadhalika. Mkusanyiko wake, vipande zaidi ya 300,000, aliukabidhi kwa Metropolitan Museum of Art ya New York. Cha kuchekesha ni kwamba mzee huyu, ambaye hobi nzima inamheshimu kama baba yake, alizibandika kadi zake kwa gundi kwenye albamu. Ukikutana na mtu anayekudharau kwa sababu kadi yako ina gundi mgongoni, mkumbushe Burdick.

Zama za pili ni za bigijii. Kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa mwaka 1933 seti ya kadi 240 kwenye karatasi nene, rangi za kuwaka, umbo la karibu mraba, milimita 60 kwa 73. Babe Ruth, nyota mkubwa wa zama hizo, ana kadi nne humo, na hata zilizochakaa vibaya ni ghali. Mimi ningekuelekeza kwa Moe Berg, nambari 158. Alikuwa mdakaji wa kawaida tu, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya ujasusi katika idara ya OSS ya Marekani. Kadi yake inagharimu zaidi ya za wenzake wa kiwango chake kwa sababu ya kisa hicho, ila bado haikaribii hata kidogo bei ya Ruth.

Zama za tatu ndizo zenye mali nyingi sokoni: kampuni ya Bowman kuanzia 1948 hadi 1955, na Topps ambayo ilishika kasi mwaka 1952, ikainunua Bowman mwaka 1956, ikabaki karibu peke yake. Vipimo vyake vikumbuke, vitakusaidia baadaye. Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa, milimita 67 kwa 95. Kuanzia 1957 zilipunguzwa zikawa milimita 64 kwa 89, kipimo kinachotumika mpaka leo.

Kwa anayeanza, napendekeza Topps ya 1956 bila kusita. Ni kadi 340 tu, zimelala kwa upana, zina sura kubwa ya mchezaji na nyuma yake picha yake akicheza. Kona zikilika, sura inabaki palepale katikati, haiguswi. Ina kadi ya mwisho ya Jackie Robinson akiwa bado mchezaji, ina Roberto Clemente, ina Mantle. Ina pia kituko: kwenye kadi ya Hank Aaron, mtu anayeonekana akiteleza kuingia kwenye kituo si Aaron, ni Willie Mays aliyepakwa sare ya timu ya Aaron. Mwaka uliofuata Topps wakaigeuza picha ya Aaron kinyumenyume, akaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto wakati alikuwa wa kulia. Bahati mbaya ya kiofisi, siku hizi ni raha yetu.

## Hatua ya 2: Amua unakusanya nini

Usianze kununua ovyo. Baada ya mwaka utakuwa na boksi la kadi zisizohusiana, na hamu itakwisha. Wengine huchukua seti moja na kuijaza nambari kwa nambari. Hapa uchakavu ni rafiki mkubwa, maana kadi 300 za dola mbili au tatu zinawezekana kwa mshahara wa kawaida. Wengine huchukua timu moja. Wengine mchezaji mmoja.

Mada ninayoipenda mimi ni ya wachezaji weusi wa kwanza wa kila timu. Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, na ikachukua hadi Julai 1959 ndipo timu ya mwisho kati ya 16 za ligi kuu, Boston Red Sox, ikamchezesha Pumpsie Green. Katikati yao wapo Larry Doby wa Cleveland, Sam Jethroe wa Boston Braves, Ernie Banks wa Chicago Cubs, Tom Alston wa St. Louis Cardinals, Elston Howard wa Yankees. Robinson mwenyewe atakuumiza mfuko, hata akiwa amekunjwa mara nne. Lakini Alston, Jethroe na Green ni watu wa dola chache kwa kadi iliyochoka. Ni historia nzima ya haki za watu weusi Marekani ambayo inaingia kwenye albamu moja. Kwa msomaji wa Tanzania kuna na undugu wa karibu zaidi: mtoto wa mwisho wa Robinson, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980 na amekuwa mkulima wa kahawa Mbozi.

Ukishachagua, andika orodha yenye mwaka, kampuni, nambari na jina. Iweke kwenye simu. Bila orodha utanunua kadi moja mara mbili.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma uchakavu

Chukua kadi yoyote ya zamani, hata ya dola moja, na taa ya mezani. Ishike kwa kingo, si kwa uso. Kwanza itazame ikiwa imekuelekea moja kwa moja. Kisha ilaze karibu sambamba na macho, mwanga uje kwa ubavu, uizungushe taratibu. Utaona vitu viwili vya ajabu vikijitokeza. Kuna mstari mwembamba usioonekana mwanzo, kama unywele, unaokatiza bega la mchezaji upande mmoja tu wa kadi. Huo ni mkunjo mdogo wa juujuu, karatasi haijavunjika. Na kuna ule mkunjo halisi unaotokea mbele na nyuma, rangi imepasuka, karatasi nyeupe inachungulia. Muuzaji wa mtandaoni akipiga picha kwa mwanga wa mbele tu, ule wa kwanza hutauona kamwe. Kwa hiyo kwa kadi yenye thamani, mwombe picha nyingine iliyopigwa kwa pembe. Akikataa, pita.

Sasa nikupe uzani wangu wa kila kasoro.

Kona za mviringo sizihesabu. Kadi ya miaka 70 yenye kona za mviringo ni sawa na mtu mzima mwenye mvi.

Mkunjo unategemea umepita wapi. Unaokata kona au ukingo haunisumbui. Unaopita usoni mwa mchezaji, kwenye macho hasa, naukataa hata kwa nusu bei. Hapa usione haya kuwa mchaguzi. Kadi za kawaida ni nyingi, nyingine itakuja.

Madoa ya bigijii na nta mgongoni, pokea. Pakiti za zamani zilifungwa kwa karatasi ya nta, na kipande cha bigijii kiligusa kadi moja. Ni ushahidi kwamba kadi ilitoka kwenye pakiti.

Maandishi ya kalamu yana daraja zake. Mgongoni, jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli mwaka 1957, mimi huona linaongeza ladha, na linashusha bei sana, yaani unapata faida mara mbili. Usoni ni jambo jingine. Kuna watoto waliobadilisha jina la timu kwa kalamu kila mchezaji alipohamishwa, na baadhi ya wakusanyaji wanazitafuta hizo kwa makusudi. Mimi simo.

Tundu la pini, hasa juu ya kichwa katikati ya ukingo mweupe, halionekani ukiwa umbali wa mkono. Linashusha bei mno kuliko linavyoharibu sura. Chukua.

Seloteipu ndiyo ninayoiogopa. Gundi yake haikufa. Inaendelea kugeuka njano na kula karatasi, na ukijaribu kuibandua inaondoka na rangi. Epuka isipokuwa kadi ni adimu kweli.

Kisha kuna kadi iliyobanduliwa kutoka kwenye daftari, na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Mgongo wake umechanika, maandishi nusu hayapo, vipande vya karatasi nyeusi ya albamu bado vimeganda. Lakini kwa kuwa ilikaa imefunikwa ndani ya albamu kwa miaka mingi, mara nyingi uso wake ni safi, rangi haijapauka, kona hazijalika. Soko linaihukumu kama kadi mbovu kabisa. Ukiiweka kwenye albamu yako ikiwa imeelekea mbele, ni nani ataugeuza mgongo wake? Kama fedha ni kidogo na unataka nyota wakubwa wenye sura nzuri, tafuta migongo iliyoharibika. Mtandaoni wauzaji huandika “back damage” (mgongo umeharibika) au “paper loss” (karatasi imebanduka). Maneno hayo mawili yahifadhi kama utafutaji wa kudumu.

## Hatua ya 4: Elewa gredi, kisha uiweke pembeni

Kampuni zinazopima kadi na kuzifunga kwenye kasha gumu la plastiki ni kadhaa. Zinazoheshimika zaidi kwa kadi kuukuu ni PSA, iliyoanza 1991, na SGC, iliyoanza 1998. Gredi, yaani alama ya hali ya kadi, ni 1 kwa iliyochakaa sana hadi 10 kwa iliyo safi kabisa. Huku chini tunakoishi sisi kuna 1, 1.5, 2 na 3, na pia alama ya A, inayosema kadi ni halisi lakini imekatwa, imepakwa rangi au imeharibika kiasi cha kutopewa namba.

Tatizo ni kwamba gredi ya 1 ni kapu moja la vitu tofauti kabisa. Kadi yenye mikunjo sita usoni inapata 1. Kadi yenye uso wa kuvutia na karatasi iliyobanduka mgongoni nayo inapata 1. Bei zao zinakaribiana kuliko inavyostahili, na hilo pengo ndilo faida ya mtu mwenye macho. Mwaka 2022 nusu ya kadi ya Wagner, iliyochanwa kabisa, nusu nyingine haipo, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Hakuna gredi inayoweza kueleza hilo.

Je, upeleke kadi zako zikapimwe? Kwa kadi ya dola 10 ni upuuzi, ada na posta vinaizidi. Kwa nyota wa bei kubwa, nunua iliyokwisha kupimwa, si kwa ajili ya namba bali kwa ajili ya uhakika kwamba si bandia.

## Hatua ya 5: Tofautisha kuchakaa na kuchezewa

Kadi iliyochakaa imetendewa na muda na watoto. Iliyochezewa imetendewa na mtu aliyekuwa anakutafuta wewe. Vifaa vya kumgundua havizidi dola 30: rula ya milimita, lenzi ya kukuzia mara kumi au zaidi, na tochi ya miale ya urujuanimno, zile za kukagulia noti bandia.

Anza na rula. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapisha upya seti ya 1952, lakini kwa kipimo kidogo cha siku hizi, milimita 64 kwa 89. Mgongoni waliandika kwamba ni toleo jipya, ila walaghai hukwangua maandishi hayo au hupiga picha ya mbele tu. Rula inamaliza ubishi kwa sekunde mbili. Kwa T206 na Goudey yapo machapisho mapya chungu nzima, mengine yalitengenezwa kwa nia njema kabisa na kuuzwa kama kumbukumbu, kisha mtu akayaloweka kwenye chai na kuyasugua kona kwa msasa.

Lenzi ndiyo shahidi mkuu. Kwenye T206 halisi, jina la mchezaji na timu yake chini ya picha limechapwa kwa wino wa kahawia mtupu. Ukikuza, herufi ni imara, kingo zake zimejaa. Kwenye nakala iliyotokana na picha ya kadi, herufi zilezile zinageuka kuwa kundi la vidoti vya rangi mbalimbali. Kadi za Topps ni hivyohivyo: picha inaweza kuwa na vidoti, lakini maandishi meusi na mistari ya fremu lazima iwe wino mtupu. Ukiona vidoti ndani ya herufi nyeusi, funga mazungumzo.

Tochi nayo ina kazi yake. Karatasi nyingi za kisasa hutiwa kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya miale hiyo huwaka samawati. Kadi ya 1910 au 1933 inapaswa kubaki imefifia. Fanya jaribio gizani, ukiweka kando yake kipande cha karatasi ya printa ili ulinganishe.

Kisha tazama mantiki ya uchakavu wenyewe. Kadi iliyochoka kihalali imechoka pande zote: kona nne zinafanana kwa kiasi, uchafu umeingia ndani ya mikunjo, kingo zina rangi ya uzee uleule wa mgongo. Nikionyeshwa kadi yenye mikunjo mitatu lakini kona zake ni kali kama wembe, jambo la kwanza ninalofikiria ni mkasi. Mtu amekata kingo zilizolika ili kadi ionekane kijana. Ukingo uliokatwa karibuni huwa mweupe kuliko karatasi iliyouzunguka, na mara nyingi una mawimbi madogo au pembe isiyo ya mraba. Wagner mashuhuri kuliko wote, ile iliyokuwa kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA na ikapewa gredi ya 8, ilikuwa imekatwa. Mfanyabiashara Bill Mastro alikiri hivyo mahakamani mwaka 2013. Kama wataalamu walipitiwa, usijidharau ukitoa rula mbele ya muuzaji.

Na kadi iliyokatwa isikutishe kupita kiasi. Ikiuzwa kwa jina lake, kwa bei yake, na wewe ukajua, ni njia halali ya kumpata mchezaji ambaye usingemfikia. Ninachokataa ni kukatwa kunakofichwa.

## Hatua ya 6: Nunua

Maonyesho ya kadi ya wikendi, kwenye kumbi za hoteli na za makanisa katika miji ya Marekani, ndiyo shule bora, kwa sababu unashika mali. Usiende kwenye kabati za vioo. Inama chini ya meza, ambako wauzaji huweka maboksi ya kadi zilizochoka kwa bei moja moja. Chambua taratibu, tenga fungu, ndipo uulize bei ya fungu zima. Hapa mtoto wa Kariakoo hahitaji kufundishwa: anayenunua kumi hapewi bei ya anayenunua moja. Muuzaji aliyebeba maboksi hayo kutoka mji hadi mji anafurahi kuyapunguza, hasa saa mbili za mwisho. Mkubwa kuliko yote ni mkutano wa kitaifa wa wakusanyaji, unaofanyika kila mwaka tangu 1980 na huhamahama kati ya miji. Nenda ukiwa na orodha na kiasi maalumu cha fedha taslimu. Kadi ya benki iache hotelini.

Mtandaoni, eBay ndiyo bahari. Usitazame bei wanazotaka wauzaji. Chuja zilizokwisha kuuzwa, soma tano au sita za karibuni zenye uchakavu unaofanana na unaotafuta, hapo unaijua bei. Kadi ikionekana kwa theluthi ya bei hiyo na muuzaji hana historia, huo si mwaliko. Tafuta pia mafungu ya kadi zilizochoka yanayouzwa pamoja. Mengi ni takataka za mtu aliyekwisha kutoa nyota wote, lakini ukikuza picha utakuta mara nyingine mwenyewe hakutofautisha wachezaji.

Nyumba za mnada, kama Heritage na Robert Edward Auctions, ni za kadi nzito zaidi. Kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa mnadani, unalipa ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20. Ipige hesabu kabla, si baada.

Uliyeko Dar, Mombasa au Muscat, posta ndiyo adui. Kadi ya dola 3 kusafirishwa kwa dola 20 haina maana. Tovuti ya COMC inakuruhusu kununua kadi mojamoja kwa wauzaji mbalimbali, zikakaa ghalani kwao, kisha ukaziagiza zote kwa mzigo mmoja. Au tumia njia yetu ya siku zote: ndugu aliyeko Minnesota anapokea, na anayerudi Desemba anabeba. Kadi mia zinakaa kwenye boksi la ukubwa wa tofali dogo.

## Hatua ya 7: Hifadhi, na uache kusafisha

Kila kadi iingie kwenye mfuko laini wa plastiki kwanza, ndipo iwekwe kwenye kasha gumu. Ukiiingiza moja kwa moja kwenye kasha gumu, kona iliyobaki na uhai itakwanguliwa. Nunua mifuko kwa kipimo: za T206 zina mifuko yake midogo, na Topps za 1952 hadi 1956 hazitaingia kwenye makasha ya kawaida, zinataka makubwa. Albamu iwe ya plastiki isiyo na PVC, kwa sababu PVC hutoa kemikali zinazonata usoni mwa kadi.

Kwa wa pwani, unyevu ni hatari kuliko mikono ya watoto. Karatasi ya zamani inakunywa hewa ya bahari, inapinda, inaota ukungu. Weka kadi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tia vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, uvibadilishe au uvikaushe mara kwa mara, na chombo kisikae kwenye ukuta unaopigwa na mvua wala mahali penye jua.

Kusafisha, jibu langu ni usisafishe. Isipokuwa moja. Kadi ya tumbaku iliyoganda kwenye kipande cha albamu inaweza kulowekwa, kwa sababu wino wa litografia na karatasi yake isiyo na mng'ao huvumilia maji. Tumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala klorini, kwenye sahani bapa, uvuguvugu kidogo. Izamishe, uiache nusu saa au zaidi, hadi karatasi ya albamu ianze kuelea yenyewe. Usivute. Ukivuta, mgongo wa kadi unafuata. Ikishaachia, pitisha kidole kilicholowa juu ya gundi iliyobaki mpaka utelezi uishe, uitoe kwa kuitegemeza chini kwa kipande cha plastiki kwa maana karatasi iliyolowa haina nguvu, kisha iweke katikati ya karatasi nyeupe zinazonyonya maji, juu yake vitabu vizito. Badilisha karatasi kesho yake, halafu iache siku kadhaa. Jaribu kwanza kwa kadi usiyoionea uchungu. Kadi za Topps na Bowman zenye mng'ao, au yoyote iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, zisiguse maji.

## Hatua ya 8: Rekodi na kuuza

Kwa kila kadi andika tarehe, bei, ulikoipata na kasoro zake zote, uipige picha mbele na nyuma. Bima ya nyumba mara nyingi haigusi vitu vya kukusanya bila makubaliano maalumu, na bila rekodi huna hoja.

Utakapopata kadi bora ya nambari uliyonayo, ile ya zamani iuze ili ifidie. Taja kila kitu: mkunjo, tundu, gundi, na kama uliloweka, sema uliloweka. Wanunuzi wa kadi zilizochoka hawaogopi kasoro iliyotajwa. Wanaogopa ile wanayoikuta wakifungua bahasha. Unapoifunga, weka mfuko laini, kasha gumu, kisha vipande viwili vya kadibodi pande zote, na ule mdomo wa kasha ukiuziba kwa teipu, ikunje ncha yake ili mpokeaji aivute kwa kidole badala ya kutafuta kisu.